Programu ya Ng'ombe wa Bi Chaki

Asubuhi katika banda la Bi Chaki huanza kwa mluzi. Mkamuaji hupiga mluzi kabla hajamgusa ng'ombe yeyote. Anasema ng'ombe akisikia wimbo hulegea, na maziwa hushuka bila ubishi. Ndiyo maana watu wote humwita Mluzi, hata mke wake.

Bi Chaki naye hakupata jina lake bure. Kila alfajiri hufika bandani amevaa mabuti, kilemba kimekaa upande, na kipande cha chaki kiko nyuma ya sikio. Kumbukumbu zote za mifugo alikuwa akiziandika kwenye mlango wa banda. Mlango ulikuwa mpana, wa mbao nyeusi. Kila ng'ombe alikuwa na sehemu yake. Duara maana yake ng'ombe huyu anakamuliwa. Mstari maana yake amepandishwa dume. Msalaba maana yake amechomwa sindano, na maziwa yake yasiingie kwenye keni.

Keni ni kile chombo kikubwa cha chuma cha kupelekea maziwa kwenye kituo cha kuyanunua. Maziwa ya ng'ombe wote huchanganywa humo. Yakiingia mabaya ya ng'ombe mmoja, yote yameharibika.

"Mlango huu unajua mambo mengi kuliko mimi," mume wake alipenda kusema.

"Mlango haujui kitu," Bi Chaki alimjibu. "Anayejua ni mimi."

Alisema hivyo huku akicheka, lakini alijivunia kweli. Mtu akitaka kujua lolote kuhusu ng'ombe, ilibidi aje kwake.

Sasa, mume wa Bi Chaki ni mtu mwema, ila anapenda sifa kupita kiasi. Siku moja Bi Chaki alikwenda kumjulia hali dada yake. Huku nyuma zikaja habari kwamba mpimaji wa maziwa kutoka kituoni atapita kukagua mabanda. Bwana yule akafurahi. Alifagia. Alifyeka nyasi. Alisugua sakafu mpaka ng'ombe wakaanza kuteleza. Kisha akatafuta rangi ya kijani, akaupaka mlango wa banda, juu hadi chini, mara mbili.

Mkewe aliporudi, alimpokea getini meno yote nje.

"Mama Watoto, funga macho! Nipe mkono. Haya, fungua!"

Bi Chaki alifungua macho. Akautazama mlango. Akamtazama mume wake. Akautazama mlango tena.

"Baba Watoto," alisema polepole, "ng'ombe wangu wako wapi?"

"Si hao, wanakula?"

"Nasema wale wa mlangoni!"

Hapo ndipo bwana yule alipogundua alichofanya. Kwake yeye, misalaba na maduara yote ilikuwa uchafu wa chaki tu.

Bi Chaki hakulala na hasira. Alichukua chaki akaandika upya yote aliyokumbuka, na alikumbuka karibu yote. Lakini kuna jambo ambalo hakuliona kwa macho yake. Alipokuwa kwa dada yake, na mumewe ametoka kutafuta rangi, daktari wa mifugo alikuja kumtibu ng'ombe mmoja aitwaye Jeuri. Jeuri alikuwa amevimba kiwele. Mluzi aliweka msalaba mlangoni kama ilivyo kawaida, kisha akaenda kwake kwa siku zake za mapumziko. Rangi ikaufunika msalaba ule, na uvimbe nao ukapungua.

Kesho yake Bi Chaki na mumewe walikamua wenyewe. Maziwa ya Jeuri yakaingia kwenye keni.

Kituoni, mpimaji alichota maziwa kidogo. Akapima. Akapima tena. Kisha akatikisa kichwa.

"Mama, maziwa haya yana dawa."

"Haiwezekani!"

"Yana dawa. Kuna watu dawa hii huwadhuru hata ikiwa kidogo. Tena watu wakinywa dawa kila siku bila kujua, vijidudu vya magonjwa huizoea. Siku wakiugua kweli, dawa haiwasaidii. Siwezi kuyapokea."

Keni nzima ikamwagwa. Bi Chaki aliyatazama maziwa yakienda na maji, machozi yakimlengalenga.

"Leo nawaonya," mpimaji alisema. Hakuwa mkali, na hilo lilimuuma Bi Chaki zaidi. "Likitokea tena, kituo hakitapokea maziwa yenu tena."

Njiani mume, aliyekuwa amekwenda naye kituoni, aliibeba keni tupu. Hakukuwa na kituo kingine karibu. Kituo kikiwakataa, itabidi wauze ng'ombe.

"Kosa ni langu," mume alisema walipofika nyumbani.

"Ni lako," Bi Chaki alikubali. Kisha akapumua kwa nguvu. "Na ni langu pia. Shamba zima nimelitundika kwenye mlango mmoja. Mvua ingenyesha upande huu, yangekuwa yale yale."

Nyumba ya pili kutoka kwao aliishi mwanamke aliyeolewa na kijana wa jirani. Kazi yake ni kutengeneza programu. Programu ni yale maelekezo yanayoifanya simu au kompyuta itende kazi fulani, kama kupiga hesabu au kukumbusha jambo. Mtaa mzima ulimwita Mkwe, hata wale wasiokuwa na undugu naye. Jioni ile ile mume wa Bi Chaki akamwita.

Mkwe alikuja na kalamu tu. Wakaketi barazani, na Mluzi pia aliitwa.

"Umeacha kompyuta nyumbani?" mume wa Bi Chaki aliuliza.

"Kompyuta baadaye, Baba. Kwanza niambieni, nini kinawaumiza?"

"Tunataka programu," mume alijibu haraka. "Ihesabu maziwa. Iseme bei ya chakula cha mifugo. Iwe na kamera nimwone kila ng'ombe nikiwa kitandani. Ihesabu na kuku. Itabiri mvua. Tena iwe inaongea!"

Mkwe alicheka. "Baba, hiyo si programu tena. Hiyo ni serikali."

Mluzi alicheka mpaka akashika mbavu. Mume wa Bi Chaki akajikuna kichwa, kisha naye akacheka.

"Hayo ni mambo mnayoyatamani," Mkwe alisema. "Si mabaya. Lakini nimeuliza mnaumia wapi. Fundi cherehani hakati kitambaa kabla ya kupima mtu. Na sisi tupime kwanza."

Bi Chaki ndiye aliyejibu. "Mwanangu, sisi tunaumia hapa. Maziwa ya ng'ombe aliyetibiwa yakiingia tena kwenye keni, tumekwisha."

"Basi hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya programu yetu," Mkwe alisema. "Ikifanya hilo tu, na ikalifanya vizuri, tutakuwa tumeshinda. Baada ya hapo tutaongeza kiasi cha maziwa cha kila ng'ombe, na siku za kupandishwa. Kuku watasubiri. Tukianza na yote kwa pamoja, hatutamaliza hata moja."

"Na kamera?" mume aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kamera ipo kwenye foleni, Baba. Nyuma ya kuku."

Wakapanga pia nani atakuwa na neno la mwisho. Mkwe alieleza kwamba kazi ya namna hii ikiwa na wakubwa wengi, huvutwa huku na huku mpaka ikachanika. Ni lazima awepo mtu mmoja wa kusema ndiyo au hapana. Wote wakamtazama Bi Chaki.

"Mimi?" Bi Chaki alisema. "Mimi sijui kompyuta hata kidogo."

"Unawajua ng'ombe," Mkwe alimjibu. "Kompyuta niachie mimi. Sasa nataka kuona kazi inavyofanyika."

"Njoo alfajiri."

Alfajiri Mkwe alikuja amevaa ndala nzuri zenye shanga. Bi Chaki alizitazama ndala zile, akaenda kumletea mabuti.

Mkwe alisimama pembeni asubuhi nzima. Hakuagiza, hakusahihisha. Aliuliza tu. Nani anamfunga ng'ombe? Nani anaosha kiwele? Ndoo inapita wapi? Ni mahali gani hasa maziwa yanaingia kwenye keni? Daktari akija, anamwambia nani?

Asubuhi ya pili alikuja na kipande cha boksi. Alikuwa amekikata kikawa na ukubwa wa simu, akachora juu yake vitufe na maneno.

"Mluzi, kaka yangu, jifanye hii ni simu," alisema. "Umemaliza kumkamua Jeuri. Ingiza habari zake."

Mluzi alinyoosha mikono yake. Ilikuwa imelowa, na ilikuwa na mafuta ya kukamulia.

"Kwa mikono hii?" aliuliza. "Dada, simu ya mtu ikiteleza hapa inaangukia pabaya. Na haya maandishi, mbona kama yameandikwa na sisimizi?"

Kabla Mkwe hajajibu, ng'ombe aitwaye Shangazi alinyoosha shingo. Jina hilo alipewa kwa sababu hapendi jambo lolote limpite. Akachukua lile boksi kwa ulimi, akalitafuna mbele yao bila haraka.

Kipande cha mwisho kikamezwa. Kisha Mkwe akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya ndoo.

"Pole, mwanangu!" Bi Chaki alisema. "Kazi yako yote imeliwa!"

"Usinipe pole, Mama. Limeliwa boksi. Ningekuwa nimetengeneza programu nzima halafu nikaja nayo leo, ingeliwa kazi ya miezi. Sasa najua mambo matatu. Maandishi madogo hayafai. Mikono yenu haiko huru. Na Shangazi asisogezewe kitu."

Wakakaa wote watatu kwenye majani makavu, wakachora upya. Mluzi alisema makosa hayatokei wakati wa kukamua, hutokea wakati wa kumimina. Bi Chaki akasema basi simu ikae pale pale penye keni, ndani ya mfuko unaopitisha mwanga, ukutani, mbali na ulimi wa Shangazi. Mkwe akasema badala ya maandishi ataweka picha za nyuso za ng'ombe, kubwa, mmoja mmoja. Ng'ombe aliyetibiwa uso wake utakuwa mwekundu. Hakuna kusoma sana. Ukiona nyekundu, ndoo yako inakwenda upande mwingine.

"Na umeme ukikatika?" Bi Chaki aliuliza. "Na mtandao ukipotea? Na simu ikianguka kwenye maji?"

"Mama, wewe umeanza kuwa mtaalamu," Mkwe alisema. "Maswali hayo ndiyo mpango wenyewe. Programu itafanya kazi hata bila mtandao. Mtandao ukirudi, itatuma nakala ya kumbukumbu kwenye simu ya Baba. Simu moja ikifa, nyingine inajua yote. Na Baba ataangalia kila jioni kama nakala imefika."

Mume wa Bi Chaki aliposikia amepewa kazi, alitembea kifua mbele siku nzima.

Lakini Bi Chaki mwenyewe alikuwa na jambo moyoni. Siku moja walipokuwa wawili tu, wakiosha ndoo, alilitoa.

"Mwanangu, nikuulize, nawe unijibu bila kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Simu ikijua yote, mimi nitakuwa nani hapa?"

Mkwe aliweka ndoo chini. "Mama, simu haimjui Jeuri. Inajua tu tutakayoiambia. Ng'ombe akiinama vibaya asubuhi, nani ataona? Simu? Kazi yake ni kukumbuka. Kazi yako ni kujua."

Bi Chaki aliendelea kusugua ndoo. Hakushawishika sana.

Programu ilipokuwa tayari, mume alitaka mlango uachwe siku hiyo hiyo. Mkwe alikataa.

"Tutatumia vyote viwili kwanza," alisema. "Mnaandika mlangoni kama zamani, mnaandika na kwenye simu. Kila asubuhi mnalinganisha. Mpaka mwezi mzima upite bila simu na mlango kugombana."

"Kazi mara mbili!" mume alilalamika.

"Kazi mara mbili kwa muda mfupi," Mkwe alimjibu. "Onyo la kituo mmelisahau?"

Wakakubali. Siku za kwanza zilikuwa za vicheko. Mluzi alibonyeza kwa kiwiko. Mume alijipiga picha kati ya ng'ombe, na kwa muda naye akawemo kwenye programu, akisubiri kukamuliwa. Taratibu wakazoea.

Kisha ng'ombe aitwaye Malkia akaugua kiwele. Daktari wa mifugo akaja akamchoma sindano, akarudi tena siku zilizofuata kumchoma nyingine mpaka dawa ikaisha. Bi Chaki aliweka msalaba. Uso wa Malkia ukawa mwekundu kwenye simu. Mambo yakaenda vizuri.

Asubuhi moja Mluzi alibeba ndoo ya maziwa ya Malkia. Akautazama uso wa Malkia kwenye simu. Wekundu ulikuwa umeondoka. Akainua ndoo kuelekea kwenye keni.

"Simama hapo hapo!" Bi Chaki alipiga kelele.

Mluzi aliganda, ndoo hewani.

"Mlango una msalaba," Bi Chaki alisema.

"Mama Watoto," mume alisema, "simu imesema safi. Mashine haisahau. Labda wewe ndiye uliyesahau kufuta."

Bi Chaki aliutazama tena msalaba. Labda kweli alisahau. Lakini ndani ya keni mlikuwa na maziwa ya ng'ombe wengine wote, na kituoni mpimaji alikuwa anasubiri.

"Neno la mwisho mlimpa nani?" aliuliza.

"Wewe," mume alijibu.

"Basi weka ndoo pembeni, Mluzi. Nampigia daktari."

Daktari alipokea simu. Bi Chaki alimwuliza, akasikiliza, kisha akaiweka simu kwenye sauti kubwa ili wote wasikie.

"Siku za kuzuia maziwa zinahesabiwa kuanzia sindano ya mwisho," daktari alisema. "Siyo ya kwanza. Malkia bado. Msithubutu kuyauza."

Mume wa Bi Chaki alishika kichwa. Mluzi alipumua kama mtu aliyetoka chini ya maji. Mkwe alipoitwa, alikuja mbio na nywele zikiwa zimesukwa upande mmoja tu.

"Kosa ni langu," alisema baada ya kutazama simu. "Nilimwekea kila ng'ombe siku moja ya sindano. Sikuwauliza kama sindano ni moja au ni nyingi. Kwa hiyo programu ilianza kuhesabu siku ya kwanza. Mama, wewe ulijuaje?"

"Kila daktari akichoma, mimi nafuta msalaba nauandika upya," Bi Chaki alisema. "Naanza hesabu tena. Nilidhani kila mtu anajua."

"Mimi sikujua, kwa hiyo simu haikujua." Mkwe alimkumbatia, mabuti, kilemba na harufu ya ng'ombe vyote pamoja. "Ndiyo maana hatukuuacha mlango mapema. Kosa tumelipata sisi kabla halijafika kituoni."

Bi Chaki alicheka. Alihisi furaha ambayo hakuitegemea. Hofu yake kwamba simu ingechukua nafasi yake ikamtoka hapo hapo, mbele ya Malkia aliyekuwa akicheua.

Mkwe alirekebisha programu. Kila sindano mpya sasa huanzisha hesabu upya. Hakuishia hapo. Waliijaribu kwa ng'ombe wa kubuni, wenye sindano moja, wenye sindano nyingi, hata aliyechomwa akabadilishiwa dawa katikati. Daktari alikuja akaangalia, akathibitisha siku za kila dawa. Na hesabu ya mwezi wa kulinganisha wakaianza upya, mume bila kulalamika. Safari hii mwezi ulipita wote, simu na mlango vikisema jambo lile lile.

Siku chache baadaye mpimaji wa maziwa alikuja bandani bila taarifa.

"Leo kuna ng'ombe aliyetibiwa?" aliuliza.

"Yupo mmoja," Bi Chaki alisema. Akamwonyesha uso mwekundu ukutani. Akamwonyesha ndoo yenye maziwa yake, imewekwa peke yake. Mpimaji akabonyeza picha, akaona dawa aliyopewa, siku ya sindano ya mwisho, na siku ambayo maziwa yatakuwa salama. Kisha akachota maziwa kwenye keni akapima.

Wote walimtazama roho mkononi. Hata Mluzi aliacha kupiga mluzi.

"Safi," mpimaji alisema. "Na tangu siku ile yamekuwa safi kila siku. Mama, lile onyo nimelifuta."

Mume wa Bi Chaki aliruka juu, akateleza, akakamata mkia wa Shangazi ili asianguke. Shangazi hakupendezwa. Mluzi alimwinua huku akicheka, na Bi Chaki akacheka na kulia kwa wakati mmoja.

Mpimaji alimwomba aje kituoni kuwaeleza wafugaji wengine. Bi Chaki hakuwahi kusimama mbele ya watu. Akapiga moyo konde, akaenda, Mkwe akiwa pembeni yake. Aliwaeleza yote, kuanzia ile rangi ya kijani hadi boksi lililoliwa. Watu walicheka, kisha wakatulia wakasikiliza.

Alipomaliza, mfugaji mmoja alimfuata mbio akiwa na simu mkononi.

"Mama, nipe hiyo programu sasa hivi. Niiweke kwangu leo leo."

"Kwako nani anakamua?" Bi Chaki alimwuliza.

"Mama yangu mzazi."

"Anaona vizuri?"

"Si sana."

"Ana ng'ombe wangapi? Anasimama wapi akimimina? Yeye mwenyewe anasema shida yake ni nini?"

Yule bwana aliirudisha simu mfukoni.

"Kusema kweli sijui," alisema. "Sijawahi kumwuliza."

"Basi tuanzie kwake," Bi Chaki alisema. "Mwambie nakuja alfajiri, na aniwekee kiti karibu na ng'ombe."